Gridi kwenye kona kali: uchague ya C, ya O, miche yenye feni, au seli za mraba?

Ukitaka kujua ubora wa gridi, yaani mtandao wa seli ndogo ambamo kompyuta hukokotoa mtiririko wa hewa au maji, iangalie konani. Juu ya bati bapa karibu kila programu itakupangia seli vizuri. Mbinu huanza kuachana pale ukuta unapokatika ghafla: kwenye ncha ya nyuma ya ubawa, kwenye ukingo wa ngazi, kwenye mdomo wa bomba. Ulinganisho huu ni wa mtu anayeijua tayari misingi ya uigaji wa mtiririko, na sasa ana umbo lenye kona mbele yake na hajui aifunike kwa gridi ya aina gani.

Msimamo wangu ni kwamba kona yenyewe ndiyo ichague gridi. Wengi wetu huanza na programu tuliyoizoea, kisha tunailazimisha kona ikubaliane nayo, na gharama yake tunaiona wiki kadhaa baadaye kwenye matokeo.

Kwanza ijue kona yako

Pima pembe upande wa kiowevu, si upande wa chuma. Kona ya ndani ya sanduku ina nyuzi 90 za kiowevu. Ukingo wa ngazi ambapo mkondo unamwagikia shimoni una nyuzi 270. Makali ya bati jembamba sana yana nyuzi 360.

Kwa mtiririko usio na mnato, kasi karibu na kona hubadilika kama umbali r kutoka konani uliopandishwa kwa kipeo cha 180 gawanya kwa pembe, toa 1. Kwa nyuzi 90 kipeo ni 1, kwa hiyo kasi inakufa taratibu kadiri unavyoisogelea kona. Kwa nyuzi 270 kipeo ni −1/3, na kwa nyuzi 360 ni −1/2: kasi inapanda bila kikomo. Hapo ndipo zilipo tabia mbili za kona. Iliyoingia ndani hutuliza mtiririko, iliyochomoza huuchokoza.

Usidhani mnato unaondoa tatizo. Unailazimisha kasi iwe sifuri ukutani, ni kweli, lakini kwenye mtiririko wa polepole wenye mnato mkubwa, kona ya nyuzi 270 bado ina kasi inayokwenda kama r kwa kipeo cha 0.544. Shinikizo na mkazo hutokana na mabadiliko ya kasi, kwa hiyo vyenyewe hupanda kama r kwa kipeo cha −0.456. Maana yake kwa mtu wa gridi ni hii: kila unapozigawa seli za konani nusu kwa nusu, shinikizo kwenye seli ya mwisho linaongezeka kwa karibu asilimia 37, na litaendelea hivyo hata ukigawa mara ishirini.

Niliwahi kulipia somo hili kwa siku nyingi za kazi. Nilikuwa na ngazi ya kawaida, na kila nilipoifanya gridi iwe laini zaidi, shinikizo la ukingoni lilikataa kutulia. Nilibadilisha aina ya seli, nikabadilisha njia ya kukokotoa, nikarudia gridi nzima. Siku nilipoacha kutazama nukta ile moja na kupima umbali ambao mkondo unarudi kugusa sakafu nyuma ya ngazi, nikakuta umbali huo ulikuwa umetulia tangu gridi ya pili. Gridi haikuwa na kosa lolote, ila nilikuwa nauliza swali ambalo kona kali haina jibu lake. Shinikizo la nukta moja konani halina thamani ya kufikiwa. Jumla ya nguvu ukutani inayo, kwa sababu mpando wa −0.456 ukiujumlisha kwa eneo unatoa namba yenye kikomo.

Kona iliyoingia ndani ina lake pia. Mwaka 1964 mtafiti Moffatt alionyesha kwamba pembe ikiwa chini ya takriban nyuzi 146, mtiririko wa polepole hujikunja konani katika mfululizo wa vizunguko, kila kimoja kidogo na dhaifu kuliko kilichotangulia. Mfululizo hauna mwisho, ila nguvu yake inapungua haraka mno. Kizunguko cha kwanza kikionekana vizuri, na cha pili kwa kadiri, inatosha. Kwa hiyo kama bajeti yako ya seli ni finyu, itoe kona ya ndani uipe kona iliyochomoza.

Gridi ya C na gridi ya O kwenye ncha ya ubawa

Chukua NACA 0012, umbo sanifu la ubawa ambalo karibu kila mtu hulipitia. Ukilifunga nyuma hadi kuwa makali, nyuso mbili hukutana kwa pembe ya takriban nyuzi 16. Wima wa uso wa juu (mstari unaotoka ukutani kwa nyuzi 90) na wima wa uso wa chini hapo vimeachana kwa nyuzi 164. Nukta ni moja, pande mbili, na kila upande unataka mstari wa gridi uondoke kwa mwelekeo wake.

Gridi ya O huzunguka ubawa wote kama pete, na mstari mmoja tu ndio hutoka kwenye ncha. Mstari huo lazima ugawanye pembe katikati, kwa hiyo umelala nyuzi 82 kutoka wima wa kila uso. Ili tabaka la kwanza libaki na kimo kilekile juu ya ukuta, nukta yake kwenye mstari huo inabidi iende mbali mara saba ya kimo chenyewe. Ukitazama kwa karibu utaona seli za mwisho zimevutwa nyuma kama vitambaa vilivyoshikwa kwenye kona moja, mahali hasa ambapo mikondo miwili inakutana na unyanyuo wa ubawa unaamuliwa. Kwa ncha iliyofungwa, gridi ya O mimi siichagui.

Gridi ya C huzunguka pua, kisha badala ya kujifunga inaondoka nyuma sambamba na mkondo unaotoka ubawani. Mistari inayotoka kwenye ncha inakwenda juu na chini, na inapishana na wima wa ukuta kwa nyuzi 8 tu. Seli zinabaki karibu mstatili, na tabaka la mpaka, yaani hewa ya karibu na ukuta inayopunguzwa kasi na msuguano, linapokelewa nyuma bila kukatwa. Si ajabu kwamba gridi za NASA za kuhakikisha miundo ya msukosuko (milinganyo inayokadiria mvurugiko wa mtiririko) kwenye NACA 0012 ni za C: kuna familia nzima, kutoka nukta 113 kwa 33 hadi 1793 kwa 513, ambapo kila gridi inapatikana kwa kuruka nukta moja moja ya ile laini zaidi. Mpaka wa nje uko takriban mara 500 ya urefu wa ubawa. Familia ya namna hiyo, ambamo gridi zinatofautiana kwa ulaini pekee, ni jambo ambalo gridi zisizo na mpangilio huhangaika kukupa.

Gharama ya C iko nyuma. Seli nyembamba za ukutani zinaburutwa hadi mwisho wa eneo la ukokotoaji, mahali ambapo hakuna ukuta wala sababu ya wembamba huo. Dawa yake ni kuiachia mistari ifunguke polepole kadiri inavyoondoka nyuma. Usisahau hatua hiyo, la sivyo kikokotozi chako kitakwenda kwa kusitasita, nawe utalaumu muundo wa msukosuko bure.

Kuna mtego hapa. Kanuni ya awali ya NACA 0012, ile ambayo namba yake ya mwisho ni −0.1015, haifungi ncha. Inaacha kisogo chenye unene wa asilimia 0.252 ya urefu. Ukitaka ncha iliyofungwa, njia moja ni kutumia −0.1036. Watu wawili wanaweza kusema wamekokotoa NACA 0012 kumbe mmoja ana makali na mwingine ana kisogo, na gridi inayomfaa mmoja haimfai mwenzake. Kwenye kisogo, gridi ya O inapata heshima yake: sasa kuna kona mbili za karibu nyuzi 270 badala ya moja ya nyuzi 344, na pete inaweza kuzipita bila kuraruka. Njia nyingine ni kubaki na C na kuweka bloku ya mstatili, yaani kipande cha gridi chenye mpangilio wake, nyuma ya kisogo. Kwa makali, C. Kwa kisogo, O au C yenye bloku, na mimi huelekea kwenye bloku kama nahitaji mkondo wa nyuma kwa umakini.

Ngazi: bloku za mistari iliyonyooka

Kwenye ngazi inayoshuka, sioni cha kushindana na gridi ya bloku. Kona inakuwa kona ya bloku basi, mistari inakatana kwa nyuzi 90 kila mahali, hakuna seli iliyolala. Malalamiko ya kawaida ni kwamba seli nyembamba za sakafu ya juu zinaendelea kama mkanda katikati ya mkondo baada ya ngazi kuisha. Lakini mkanda huo uko pale hasa ambapo tabaka la mkatiko, mpaka kati ya mkondo wa kasi na ule wa polepole chini yake, linaanzia baada ya mkondo kuachana na ukingo. Gridi imekupa bila kuombwa kitu ambacho ungekiomba. Jaribio la Driver na Seegmiller la 1985 lilikuta mkondo unarudi kugusa sakafu kwenye umbali wa mara 6.26 ya kimo cha ngazi, na ukiupotosha mwanzo wa tabaka hilo, namba hiyo utaikosa hata kama muundo wako wa msukosuko ni mzuri.

Swali linalobaki kwa gridi zenye mpangilio ni namna ya kuzizalisha. Njia ya aljebra, inayojaza ndani kwa kukadiria kutoka kwenye mipaka, ni ya haraka, ila inaibeba kona hadi katikati: ukiwa na mkunjo ukutani utauona umejirudia kwenye mstari wa kumi na wa ishirini. Njia ya milinganyo ya eliptiki, iliyopata umaarufu kwa kazi ya Thompson, Thames na Mastin ya 1974, hulainisha mikunjo hiyo. Lakini ukiiacha bila udhibiti, mistari hukusanyika kwenye kona iliyochomoza na kuikimbia kona iliyoingia ndani. Steger na Sorenson walionyesha mwaka 1979 jinsi ya kuuwekea ukuta nafasi na pembe unayotaka. Hata hivyo konani penyewe hakuna wima mmoja wa kudai, kwa hiyo zima dai la pembe kwenye nukta mbili tatu za jirani. Njia ya haipaboliki ya Steger na Chaussee, ya 1980, huanzia ukutani na kusonga nje tabaka baada ya tabaka. Ina kasi nzuri na pembe safi, ila haikuruhusu kuupanga mpaka wa nje, na kwenye kona iliyoingia ndani mistari yake hugongana usipoongeza ulainishaji. Kwa ubawa mmoja katika anga wazi, haipaboliki. Kwa mfereji au ngazi iliyofungiwa pande zote, eliptiki.

Miche ukutani, pembetatu nje

Umbo likishakuwa na vipande vingi, bloku zinakula wiki. Ndipo wengi huhamia kwenye matabaka ya miche (seli bapa zilizopangwa juu ya ukuta) na pembetatu au tetrahedroni nje yake. Uamuzi huo ni sahihi, mradi ujue kona inafanywa nini.

Tuone kwa namba. Hewa inakwenda mita 50 kwa sekunde juu ya ubawa wa urefu wa mita 1. Namba ya Reynolds, yaani uwiano wa nguvu za mwendo na za mnato, ni kama milioni 3.3. Kwa makadirio ya bati bapa, kimo cha y+ ya 1 (y+ ni umbali kutoka ukutani uliopimwa kulingana na msuguano na mnato wa pale) ni takriban maikromita 8, na tabaka la mpaka mwishoni mwa ubawa lina unene wa karibu milimita 18. Ukikuza kila tabaka mara 1.2 ya lililotangulia, unahitaji matabaka 34. Sasa yapeleke matabaka hayo 34 kwenye ncha ya nyuzi 16. Programu inayotumia wima mmoja kwa kila nukta itafanya lilelile la gridi ya O: miche iliyolala nyuzi 82. Inayotumia wima nyingi itafungua feni. Kwa hatua za nyuzi 15, nyuzi 164 zinahitaji vipande 11 kuizunguka ncha, na matokeo ni gridi inayoonekana kama mkia wa tausi, yenye seli safi kila upande.

Feni si kitu cha kuachia bahati. Kwenye Gmsh, programu ya kutengeneza gridi, unazitaja nukta za feni mwenyewe kwenye mpangilio wa tabaka la mpaka. Usipozitaja, hupati feni. Kwenye snappyHexMesh, kitengeneza gridi cha OpenFOAM, kuna featureAngle ya matabaka, yaani pembe ya kikomo, ambayo mara nyingi huachwa kwenye 60: ukuta ukipinda zaidi ya hapo, tabaka haliinuliwi. Kona ya mraba inapinda nyuzi 90. Kwa hiyo matabaka yako mazuri yanafifia kabla ya ukingo na kurudi baada yake, na pale pengoni y+ inaruka kutoka 1 hadi makumi. Picha ya mbali haitakuonyesha. Kuza ukingo ujaze skrini, uhesabu matabaka kwa macho. Ukiipandisha namba hiyo hadi matabaka yazunguke ukingo, endesha tena checkMesh, kikagua gridi cha OpenFOAM, kwa maana sasa hatari inahamia kwenye seli zilizolala: onyo la kutokuwa mraba huanzia nyuzi 70.

Katika vipimo vitatu hali ni ngumu zaidi. Mahali ambapo kingo tatu zinakutana, moja imechomoza na nyingine imeingia ndani, huenda pasiwepo mwelekeo hata mmoja unaoziona nyuso zote. Programu hapo hukata matabaka, na hakuna mpangilio wa kuiokoa. Afadhali ubadilishe umbo kidogo kwenye nukta hiyo kuliko kuendelea na seli zenye ujazo hasi zilizofichwa kwa viraka.

Kona kali iliyoingia ndani, kama pengo la nyuzi 20 kati ya vipande viwili, huleta mgongano wa matabaka ya pande mbili. Programu ama huyakata kwa ngazi ngazi ama huyabana. Mimi huchagua kubana. Tabaka lililobanwa linashusha y+ mahali ambapo mtiririko umeshapoa, na hilo halidhuru. Tabaka lililokatwa linaleta mruko wa ujazo kati ya seli jirani, na huo unadhuru.

Seli za mraba zinazokatwa na ukuta

Hapa gridi haiufuati ukuta kabisa. Miraba inajaza nafasi yote, na ukuta unaikata au unazamishwa ndani yake. Peskin alizamisha kuta namna hiyo mwaka 1972 kwa mtiririko wa damu kwenye vali za moyo, mahali ambapo ukuta wenyewe unatikisika kila mpigo. Kwa umbo chafu lenye matundu, au ukuta unaosogea, sijui njia yenye amani zaidi.

Kona lakini haisameheki kirahisi. Seli ikiwa kubwa kuliko unene wa ncha, ncha inapotea, na ubawa wako unakuwa mfupi bila wewe kuambiwa. Kona ikiikata seli na kuacha kipande kidogo mno, kipande hicho kinalazimisha hatua ya muda kuwa ndogo kwa gridi nzima, isipokuwa kikiunganishwa na jirani yake. Na kwa tabaka la mpaka hesabu inavunja moyo: miraba ya maikromita 8 juu ya uso mmoja wa ule ubawa wa mita 1 ni seli 125,000 kwa safu ya kwanza peke yake, katika vipimo viwili. Gridi ya C hufanya kazi hiyo kwa mia chache, kwa kuwa seli zake zinaruhusiwa kuwa ndefu. Kwa mtiririko usio na mnato, au ule ambao kona ndiyo inayoamua mahali pa mkondo kuachana, nao ukuta hauna mengi ya kusema, miraba inatosha. Kwa msuguano wa ukutani, hapana.

Gridi zinazopishana, za Steger, Dougherty na Benek tangu 1983, nazitaja kwa kifupi. Kila kipande kinapata gridi yake na zinabadilishana taarifa zinapopandana. Zinafaa pale vipande vinaposogea, kama flapu inayofunguka. Kwenye kona zinarithi tabia ya gridi ndogo iliyowekwa pale, kwa hiyo uamuzi wa C au O unabaki palepale.

Au kuizungusha kona?

Hakuna ukingo wa chuma wenye makali kamili. Kama unajua nusu kipenyo chake na unahitaji shinikizo la pale, izungushe. Ukingo wa nyuzi 90 wenye nusu kipenyo cha milimita 0.5 una tao la milimita 0.79. Weka angalau seli kumi juu yake, yaani kila moja milimita 0.08, na shinikizo la konani sasa lina thamani ya kufikiwa.

Usizungushe kwa namba ya kubuni ili tu matabaka yapite vizuri. Makali yanauambia mkondo uachane hapahapa. Ukiyazungusha, unaukabidhi muundo wa msukosuko uamuzi huo, nao unaweza kuuahirisha mkondo usogee juu ya tao kabla ya kuachana. Kwenye ngazi hiyo ni hitilafu inayobadilisha kizunguko chote cha nyuma.

Gridi yoyote utakayochukua, tengeneza tatu zenye uwiano mmoja wa ulaini, kisha linganisha unyanyuo, jumla ya nguvu, au umbali wa kurudi sakafuni. Shinikizo la seli ya konani liandike pia. Likipanda kwa kiwango kilekile katika gridi zote tatu huku vile vingine vimetulia, gridi yako inaiona kona ilivyo.